Ndani ya koni ya VLC: kwa nini video moja hucheza na nyingine hugoma

Video inapogoma, watu wengi hutazama kwanza herufi za mwisho za jina la faili: ni MP4 au ni MKV? Herufi hizo hazisemi mengi. MP4, MKV, AVI na TS ni makontena tu, na kontena huwezi kujua limebeba nini mpaka lifunguliwe. Ndani yake kuna mikondo kadhaa: wa picha, wa sauti (pengine miwili au mitatu, ya lugha tofauti), na wa manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha. Kila mkondo umebanwa kwa kodeki yake, yaani kanuni ya kubana data na kuifumbua. Ndiyo maana MP4 mbili zinaweza kukaa kwenye folda moja, moja ina picha za kodeki ya H.264 na nyingine za kodeki ya AV1, kompyuta ya zamani ikacheza ya kwanza vizuri na ya pili ikaikwamisha kila baada ya sekunde chache.

Ukubwa wa kazi hiyo ya kubana unaonekana kwenye hesabu. Fremu moja, yaani picha moja tuli ya video, ya pikseli 1920 kwa 1080, kwa mpangilio wa rangi uliozoeleka kwenye video, inahitaji baiti milioni 3.1. Kwa fremu 25 kila sekunde, hizo ni megabaiti 78 kwa sekunde, au gigabaiti 280 kwa saa. Saa hiyohiyo ikibanwa kwa H.264 kwa megabiti 5 kwa sekunde inaingia kwenye gigabaiti 2.25. Katika kila sehemu 124 imehifadhiwa moja. Zilizobaki inabidi programu iziunde upya kwa kukisia kitaalamu, mara 25 kwa sekunde, na isichelewe.

VLC, ile programu ya kuchezea video na sauti yenye koni ya barabarani ya rangi ya machungwa, inasifiwa kwa kufungua karibu kila kitu. Sifa hiyo ina historia, na kinachoshangaza ni kwamba programu yenyewe haikuanzishwa kwa ajili ya kufungua mafaili.

Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale Paris, chuo cha uhandisi kilichokuwa Châtenay-Malabry, kusini mwa jiji la Paris, walikuwa na mtandao wa kampasi wa Token Ring, teknolojia ya zamani ya kuunganisha kompyuta, uliokwenda mwendo wa kobe. Walitaka wa kasi zaidi, na ili waupate walihitaji sababu nzito. Sababu waliyoipata ni televisheni. Badala ya kila mwanafunzi kufunga dishi na king'amuzi chake, dishi moja lingepokea matangazo ya setilaiti, kisha mtandao ungeyasambaza hadi kwenye kompyuta za vyumbani. Jaribio lilifaulu. Mwaka 1998 msimbo uliandikwa upya kuanzia sifuri kwa jina la VideoLAN, ukiwa na pande mbili: seva ya kurusha, na programu ya kupokea iliyoitwa VideoLAN Client. VLC ni kifupisho cha hiyo ya pili. Baadaye uwezo wa kurusha nao uliingizwa ndani ya VLC yenyewe, kwa hiyo jina limebaki na maana ambayo haipo tena. Koni nayo inatokana na koni za barabarani ambazo wanafunzi wa chama cha mtandao cha chuo hicho walikuwa wamejikusanyia.

Kuzaliwa kwenye mtandao kuliiachia VLC tabia moja ambayo haijawahi kuiacha: haitegemei kwamba data itafika nzima. Matangazo ya televisheni husafiri yakiwa yamekatwa vipande vya baiti 188, na kila kipande huanza na baiti ileile, 47 kwa hesabu ya msingi wa 16. Vipande saba hufungwa pamoja kuwa baiti 1316, ili vienee kwenye pakiti ya mtandao yenye kikomo cha baiti 1500. Pakiti ikipotea njiani hakuna anayeituma tena, kwa sababu matangazo ni ya moja kwa moja na yameshasonga mbele. Programu inayopokea haina budi kuruka pengo, kuitafuta ile baiti inayofuata yenye thamani ya 47, na kuendelea. Tena mtu anaweza kuifungua katikati ya kipindi. Kungoja mwanzo wa faili kungekuwa kungoja milele.

Ndiyo maana VLC huweza kucheza faili ambayo haijamaliza kupakuliwa, au iliyokatika katikati. Lakini uvumilivu huo una mpaka, na mpaka umewekwa na kontena. MP4 ina jedwali linaloeleza kila fremu iko baiti ya ngapi, na kamera nyingi huliandika mwisho kabisa, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikikata kabla ya hapo, unabaki na gigabaiti za picha zisizo na ramani, na VLC itakataa kama wengine wote. Dawa ipo: zipo programu za ukarabati zinazochukua jedwali la faili nzima, iliyorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile, na kulitumia kama kielelezo. AVI nayo huweka faharasa mwishoni, ila kila kipande chake kina lebo na ukubwa wake, kwa hiyo VLC huuliza kama ungependa iijenge upya, kubali. MKV hustahimili zaidi ya zote mbili, kwa kuwa muda umeandikwa ndani ya kila fungu la data. Anayerekodi kitu kisichorudiwa ni heri arekodi kwa MKV, kisha ahamishie kwenye MP4 baadaye.

Ukibofya faili mara mbili, kazi hupita kwenye mnyororo. Kipande cha kwanza huleta baiti, ziwe zinatoka kwenye diski, DVD au mtandao. Cha pili hufungua kontena na kutenganisha mikondo. Cha tatu hufumbua kila mkondo. Cha nne hurekebisha: ukubwa wa picha, rangi, kiwango cha sauti. Cha tano hupeleka matokeo kwenye skrini na spika. Kiini cha VLC chenyewe ni kidogo. Kazi zote hizo hufanywa na moduli, na zipo mamia. Kila moduli ina alama ya kipaumbele. Faili ikija, moduli yenye alama ya juu huchungulia baiti chache za mwanzo, ikizitambua huchukua kazi, isipozitambua hupisha inayofuata. Kwa hiyo kubadilisha jina la faili kutoka .avi kuwa .mp4 hakuigeuzi chochote, na faili iliyopewa jina lisilo lake mara nyingi hucheza tu.

Kwenye kipande cha tatu ndiko sifa ya "inafungua kila kitu" ilikojengwa. Zamani programu nyingi za Windows zilitegemea kodeki zilizosakinishwa kwenye mfumo wa kompyuta. Ukikosa moja, unatafuta pakiti ya kodeki mtandaoni, unaisakinisha, nayo inagombana na ile ya jana. VLC ilikuja na kodeki zake tumboni. Haki isemwe: nyingi kati ya hizo zinatoka kwenye maktaba ya libavcodec ya mradi wa FFmpeg, ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Sehemu kubwa ya sifa wanazopewa watu wa koni ni za jirani zao. Ila nao wamelipa kwa namna yao: x264, kibanaji cha H.264 kinachotumika kila mahali, kinatunzwa chini ya VideoLAN, na mwaka 2018 walianzisha dav1d, kifumbuaji cha AV1 ambacho sehemu zake nzito zimeandikwa kwa mkono katika lugha ya asembli, iliyo karibu kabisa na maagizo ya kichakataji chenyewe, ili hata kompyuta zisizo na chipu ya AV1 ziweze kuicheza.

Ukishaujua mnyororo, ugonjwa wa video hutafutwa kiungo kwa kiungo. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, bonyeza Ctrl+J video ikiwa inacheza (hapa na kwingine katika makala haya, vitufe ni vya Windows na Linux, vya Mac hutofautiana). Dirisha litakuonyesha kodeki halisi za kila mkondo, na kichupo cha nne kina takwimu zinazobadilika mbele ya macho yako. Hesabu ya fremu zilizopotea ikipanda, data ni nzima ila kompyuta inazidiwa. Hesabu ya data iliyotupwa kwa kuharibika ikipanda, tatizo liko kwenye faili au mtandao, na hata ununue kompyuta mpya halitaondoka. Watu hupoteza jioni nzima wakitibu la kwanza kumbe wanaumwa la pili.

Kompyuta inapozidiwa, jambo la kwanza la kuuliza ni kama kufumbua kunafanywa na kichakataji kikuu au na chipu ya picha. Chipu hiyo ina sakiti zilizochongwa kwa kodeki fulani tu. Ikiwa na sakiti ya H.264 na haina ya AV1, basi AV1 yote huangukia kwenye kichakataji kikuu. Kuna mtego hapa: H.264 ya biti 10 kwa rangi haimo kwenye chipu nyingi, hata zile zinazoimudu H.265 ya biti 10 bila jasho. VLC ilianza kutumia chipu za picha katika toleo la 1.1 mwaka 2010, na toleo la 3.0 la Februari 2018 likaufanya msaada huo kuwa mtindo wa kawaida, pamoja na kuleta video za 4K na 8K, HDR (mwanga na rangi pana zaidi), na kurusha picha kwenda Chromecast, kifaa cha Google kinachochomekwa kwenye televisheni.

Msaada huohuo wa chipu ndio chanzo cha skrini ya kijani, mistari ya waridi, au picha iliyopasuka wakati sauti inaendelea vizuri. Kosa kwa kawaida ni la dereva wa kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Fungua mipangilio kwa Ctrl+P, nenda kichupo cha tano, cha vyanzo na kodeki. Chaguo la kufumbua kwa msaada wa chipu lizime, hifadhi, kisha funga faili na uifungue upya. Picha ikitengemaa, umempata mkosaji: sasisha dereva, kisha liwashe tena, maana bila hilo betri ya kompyuta ya mkononi itaisha haraka na feni itapiga kelele. Isipotengemaa, rudi Ctrl+P, kichupo cha video, ubadilishe njia ya kutoa picha badala ya kuiacha ijichagulie.

Suala la sauti na midomo kutoenda pamoja lina undani wake. Kila fremu na kila kipande cha sauti hubeba muda wake wa kuonekana. VLC hufuata saa moja na kulinganisha. Ikilazimika kumuumiza mmoja, huumiza picha: fremu iliyochelewa hutupwa, kwa kuwa jicho husamehe fremu moja iliyokosekana, lakini sikio hunasa mkato mdogo wa sauti papo hapo. Sikio tena halina usawa. Mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa huweza kuvumilia hadi karibu 125. Tumezoea hivyo kwa maumbile: radi tunaiona kabla ya kuisikia.

Spika na vipokea sauti vya Bluetooth huongeza ucheleweshaji ambao mara nyingi unavuka kiwango hicho, na programu huwa haiambiwi kikamilifu. Bonyeza J kuivuta sauti mbele kwa milisekunde 50; mibonyezo minne ni 200. K huirudisha nyuma. Kama kosa halitoki kwenye spika bali limo ndani ya faili, tofautisha aina mbili. Pengo lililo sawa mwanzo hadi mwisho hutibiwa kwa J na K. Pengo linaloanza dogo na kuongezeka maana yake kasi mbili hazilingani, na vitufe hivyo havitakusaidia.

Aina hiyo ya pili ndiyo huwasumbua sana watumiaji wa manukuu. Filamu ileile huweza kuwapo kwa fremu 23.976 kwa sekunde na kwa 25. Manukuu yaliyopangwa kwa moja yakitumiwa kwenye nyingine hukosea kwa asilimia 4 hivi: baada ya saa moja, yako mbali kwa takriban dakika mbili na nusu. G na H husogeza manukuu kwa milisekunde 50, lakini utakuwa ukizibonyeza usiku kucha. Nenda kwenye menyu ya zana, dirisha la ulinganisho wa mikondo, ubadilishe kasi ya manukuu. Yakitokea herufi za ajabu badala ya herufi za Kifaransa zenye alama juu au herufi za Kiarabu, faili ya manukuu ya aina ya SRT haikuhifadhiwa kwa UTF-8, usimbaji wa herufi unaobeba lugha zote. Ama uihifadhi upya kwa UTF-8 kwenye kihariri cha maandishi, ama uchague usimbaji wake halisi kwenye kichupo cha manukuu ndani ya Ctrl+P. Na ili manukuu yajitokeze bila kuitwa, ipe SRT jina lilelile la video na uziweke folda moja.

Lipo jambo jingine linalodhaniwa kuwa hitilafu wakati ni hesabu tu. Ukiruka katikati ya filamu, kwa sekunde kadhaa huona ukungu wa kijivu na nyuso zinazoyeyuka. Fremu nyingi hazijahifadhiwa nzima. Zimeandikwa kama tofauti na majirani zao, waliotangulia na hata wanaofuata. Fremu kamili huja mara chache. Kwa mpangilio wa kawaida wa x264 inaweza kupita hadi fremu 250, yaani sekunde 10 kwa fremu 25 kwa sekunde, bila fremu kamili. Ukiangukia katikati, kifumbuaji hakina msingi wa kuanzia. Kwa sababu hiyohiyo VLC, hadi matoleo ya 3, ina kitufe cha kusonga mbele fremu moja moja, E, lakini haina cha kurudi nyuma: hatua moja kinyumenyume humaanisha kurudi hadi fremu kamili iliyotangulia na kufumbua zote upya hadi pale.

Kwa video za mtandaoni zinazokatika, fungua kwa Ctrl+N, onyesha chaguo za ziada, na uongeze akiba, yaani data inayopokelewa kabla ya kuchezwa, hadi milisekunde 3000 au zaidi. Akiba kubwa huziba mawimbi ya mtandao, ila kila kuruka kutachelewa kwa muda huo, na mpira wa moja kwa moja utakufikia baada ya jirani kushangilia. Haitibu mtandao ambao wastani wake uko chini ya mahitaji ya video. Humo akiba huchelewesha tu kukatika.

Kisu kingine kilichofichwa ni Ctrl+R, cha kugeuza faili. Watu hugeuza MKV kuwa MP4 kwa kubana upya kila kitu, wakangoja saa nzima na kupoteza ubora. Ikiwa televisheni inakataa kontena tu na kodeki inaikubali, hariri wasifu na uchague kuacha mkondo wa picha na wa sauti kama ulivyo. Hapo VLC huhamisha mzigo kutoka kontena moja kwenda jingine. Kwa dakika chache imekwisha, na hakuna pikseli iliyoguswa. Sauti nayo: kidhibiti hupanda hadi asilimia 125, lakini ukipita 100 vilele vya mawimbi hukatwa na sauti hukwaruza. Ikiwa mazungumzo hayasikiki huku milipuko ikitikisa dirisha, kibana-sauti, kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kilichomo ndani ya Ctrl+E kinafaa zaidi.

Njia ya programu hii tangu chuoni iliamuliwa na karatasi zaidi kuliko msimbo. Tarehe 1 Februari 2001 uongozi wa chuo uliruhusu itolewe kwa leseni huria ya GPL, inayomtaka kila anayeisambaza programu atoe na msimbo wake, na watu wa nje wakaanza kuihamishia kwenye mifumo mingine ya kompyuta. Toleo la 1.0 lilitoka Julai 2009, miaka 13 baada ya wazo la kwanza. Mwaka huohuo VideoLAN ikawa jumuiya isiyo ya faida, huru na chuo, ikiongozwa na Jean-Baptiste Kempf. GPL iliwalinda, pia iliwafunga. Januari 2011 VLC iliondolewa kwenye duka la programu la Apple baada ya mmoja wa waandishi wake kudai kwamba masharti ya duka yanakinzana na leseni. Ikabidi kuwatafuta waandishi waliotawanyika duniani na kuomba idhini ya kila mmoja, kwa kuwa kila mstari una mwenyewe. Injini ikahamia leseni nyepesi ya LGPL, na Julai 2013 VLC ikarudi kwenye duka hilo kwa leseni inayokubalika humo. Matangazo hayajawahi kuwekwa; Kempf amesema hadharani kwamba amekataa mamilioni ya euro kutoka kwa waliotaka kufungasha vitu vyao humo.

Kufungua kila kitu kuna gharama yake upande wa usalama. Kila moduli inayosoma kontena geni ni mlango, na msimbo mwingi umeandikwa kwa lugha ya C, ambamo kosa dogo la kuhesabu kumbukumbu huweza kumpa mshambuliaji nafasi. Mwaka 2017 watafiti wa Check Point walionyesha kwamba hata faili ya manukuu, ambayo wengi huidhani ni maandishi tu, ingeweza kutumika kuteka kompyuta kupitia VLC na programu nyingine kadhaa. Umoja wa Ulaya ulifadhili zawadi kwa wanaogundua mianya kupitia mpango wake wa usalama wa programu huria, EU-FOSSA, na toleo la 3.0.7 la Juni 2019 likaziba rundo lake. Toleo ulilonalo utaliona kwenye menyu ya msaada, na hapohapo kuna kitufe cha kutafuta jipya. Ukipakua upya, pakua videolan.org, si kwenye tovuti zinazoiga koni. Ukurasa wa upakuaji huambatana na alama ya SHA-256 ya faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikiguswa, na kwenye Windows amri ya certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, itakupa ya kulinganisha nayo.